Steringi Hafi

Mlimba ni mji wa reli. Treni ya TAZARA husimama pale kabla ya kuanza kupanda milima kwenda Makambako, na utotoni mwangu kila kipya kilishuka nayo: mitumba, magazeti ya juzi, sidii za picha za Kihindi.

“Devdas” ilitoka mwaka 2002. Sisi ilitufikia imeshachubuka. Sidii tatu, saa tatu na ushee. Banda la video lilikuwa la mabanzi na turubai, kiingilio shilingi mia. Bwawa la Kihansi, lenye megawati 180, liko jirani tu, ila banda letu lilikuwa la jenereta, tena lenye kelele za kumfanya mtafsiri akauke koo.

Mtafsiri yule hakujua Kihindi hata neno. Alichojua ni watu. Shah Rukh Khan, ndiye Devdas, alipomwandikia mpenzi wake Paro barua ya kumkana, kisa wazazi wamekataa, shangazi yangu aliyekuwa akiuza wali na samaki stesheni aliinuka kwenye benchi.

“Umetoka Ulaya mzima, unashindwa kutuma mshenga!”

“Mwambie, mama!” mtafsiri akamjibu, akaacha kutafsiri kabisa.

Paro akaozwa kwa mzee mwenye watoto wakubwa, Devdas akaangukia pombe na kwa mwanamke mwingine, Chandramukhi. Banda likagawanyika. Mimi nilikuwa wa Chandramukhi na sijahama. Mwanamke anayempenda mlevi bila kumdai kitu hana mpinzani.

Sidii ya tatu, Devdas yumo kwenye treni, hoi. Hapo banda zima kimya, maana mambo ya treni tuliyajua. Akashuka kumfuata Paro. Petroli ikaisha.

Watu wakadai hela zao. Gizani, mtafsiri akamalizia kwa mdomo: Paro kafungua geti, yule mzee katoa talaka kwa hiari, ndoa imefungwa. “Steringi hafi, jamani!” Tukapiga makofi, tukaenda kulala.

Miaka ikapita. Nikiwa masomoni Morogoro nikaja kujua kwamba kisa kile ni riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay, iliyochapishwa kwa Kibengali mwaka 1917, na kwamba Wahindi walishaifanyia filamu mara kadhaa, ile ya Dilip Kumar ikiwa ya 1955. Riwayani Devdas hakufika Ulaya, alisoma Kolkata tu. Ulaya kaiongeza mwongozaji, Sanjay Leela Bhansali. Kumbe naye ni mtafsiri! Lakini kifo hakukifuta: katika filamu Devdas anafia nje ya geti, Paro anakimbia kumfuata, geti linafungwa kabla hajafika. Niliitazama peke yangu, nikazima.

Likizo iliyofuata nilirudi Mlimba. Shangazi aliitikia shikamoo yangu, akauliza habari za mjini, kisha akakumbuka picha ile.

“Hivi yule Paro na Devdas walipata watoto?”

“Wawili, shangazi. Wa kike na wa kiume.”