Bajeti ya Ampea: Kuishi Mashuani Kati ya Pemba na Mafia

Wengi mmeniuliza kama bado naandika programu au nimegeuka mvuvi. Bado naandika, ila tangu mapema Januari naandikia mashuani. Ni mashua ya matanga ya faiba, futi 33, ya ami yangu, fundi mstaafu wa injini za meli. Aliinunua Kilifi kwa mgeni mmoja aliyechoka na bahari. Tuko wawili. Tumetoka Mombasa na kaskazi mgongoni, tukapita Pemba na Unguja, na sasa tumetia nanga Mafia, katika ghuba ya Chole. Machweo ya jua sitawaeleza, picha zake mnazo za kutosha. Nataka tuzungumze umeme.

Mashua ina betri mbili za volti 12, kila moja ampea-saa 100. Usidhani ni 200. Betri za asidi ukizishusha chini ya nusu mara kwa mara unaziua, kwa hiyo ulicho nacho ni 100. Kule tezi kuna paneli mbili za sola za wati 100 kila moja. Kwenye karatasi, saa tano za jua kali zingetoa wati-saa 1,000. Mimi nikipata 600 nashukuru, kwa sababu kivuli cha mlingoti kikiangukia paneli, hata kikiwa chembamba kama fimbo, umeme unaporomoka. 600 gawanya kwa 12 ni 50. Huo ndio mshahara wetu wa siku, na hakuna wa kumwomba nyongeza.

Sasa matumizi. Laptopu yangu inakula kama wati 30. Saa sita za kazi ni ampea-saa 15. Raspberry Pi inayoendesha ramani inakula wati 4 usiku na mchana, hiyo ni ampea-saa 8. Ongeza skrini yake, redio ya VHF, pampu ya maji, simu mbili, na taa ya juu ya mlingoti tukiwa nangani. Friji Ami aliing'oa zamani, mahali pake pana vitunguu na ndimu. Mimi nilichotoa ni inveta. Hebu fikiria: unachukua volti 12, unazipandisha kuwa 240, kisha chaja ya laptopu inazishusha tena kuwa 20, na kila hatua umeme unapotea kama joto. Nikanunua chaja ya gari inayokula 12 moja kwa moja.

Chuoni tulihesabu gharama ya algorithimu kwa hatua na kumbukumbu. Hakuna aliyetuuliza ni ampea-saa ngapi. Nikikompaili mradi mzima laptopu inafika wati 60 na feni inalia kama mbu, kwa hiyo kazi hiyo naipeleka kwenye seva ya mbali kwa SSH. Git nayo, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, utadhani iliundwa kwa mabaharia: historia yote ya mradi unayo mwenyewe, unahifadhi mabadiliko ukiwa katikati ya maji, unayatuma ukipata mnara. Na mnara hutafutwa. Simu naitia katika mfuko usioingia maji, naifunga kwenye henza na kuipandisha mlingotini kama bendera, igawe intaneti kutoka huko juu. Inafaa kuliko unavyodhani. Ila katikati ya mkondo wa Pemba, ambao kina chake ni kama mita 800, hatukupata kitu, na nilipoona hivyo nikalala.

Kuhusu ramani. Kifaa cha GPS kinatema maandishi kwa mtindo wa NMEA 0183, mstari baada ya mstari, biti 4,800 kwa sekunde, kila mmoja ukianza na alama ya dola na kuishia na tarakimu mbili za kuhakiki. Kwa yeyote aliyewahi kusoma data ya bandari ya sirio ni raha tupu. Nilimaliza kiprogramu cha kuihifadhi kwa jioni moja. Ramani yenyewe inaendeshwa na OpenCPN, programu huria. Pia tuna kipokezi cha AIS, kinachoonyesha meli kubwa zilizo karibu, jina, mwendo na uelekeo.

Usiku ule wa kuvuka kutoka Mombasa kwenda Pemba, maili 50 hivi za baharini, skrini ilionyesha meli mbili tu, zote mbali. Pengine pote peupe. Kumbe AIS hulazimishwa meli za tani 300 na zaidi ziendazo safari za kimataifa. Ngalawa hana. Mashua ya dagaa haina. Saa tisa usiku Ami, aliyekuwa ameketi omo na shuka begani wala haangalii skrini, akapiga kelele, "Kulia! Kulia, mwanangu!" Tochi ikawaka mbele yetu, tukampita mtu na nyavu zake kwa umbali ambao ningeweza kumrushia chungwa. Akatusalimu, nasi tukamwitikia. Mikono yangu ilitetemeka mpaka alfajiri. Tangu siku hiyo zamu ya usiku ni ya macho. Skrini naizima, na ampea zinabaki.

Asubuhi tulifika karibu na kisiwa cha Fundo, magharibi ya Pemba, lakini hatukuingia. Pwani hii ilipimwa na Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza miaka ya 1820, kwa vyombo vya wakati huo, na hata leo si kila mwamba uko pale skrini inapokwambia. Mimi nilikuwa nimepakia picha za setilaiti ndani ya OpenCPN, na zinasaidia sana, Ami mwenyewe amekubali. Lakini mlango wa mwamba unaingia ukielekea mashariki, na ukiwa na jua usoni huoni rangi ya maji. Kwa hiyo unasubiri lipite utosini likae nyuma yako, na maji yawe ndiyo kwanza yanaanza kujaa, ili ukigusa yakuinue. Siku hiyo mambo hayo mawili yalikutana saa nane mchana.

Saa nane hiyo hiyo nilikuwa na mkutano na mteja wangu mkubwa, wa Nairobi. Niliwaandikia alfajiri, mtandao wa Pemba ulipofika, niwaombe jioni. Wakakataa. Nikamwonyesha Ami ujumbe. Akaniuliza, "Nani atasimama omo kuangalia mwamba?" Hakusema zaidi. Nikasimama omo. Kahawia ni mwamba, kijani hafifu ni mchanga, buluu pita. Tukaingia bila hata kukwaruza rangi, na wiki iliyofuata mkataba wangu ukasitishwa. Naona hawakunitendea haki, kazi yote nilikuwa nimeikabidhi kabla ya siku yake, lakini pesa ni zao.

Nimebaki na mteja mmoja anayelipa nusu ya yule. Kwa hapa inatosha: maji tunachota, samaki twanunua au twavua, na ada ya hifadhi ya bahari ya Mafia ndiyo bili kubwa ya mwezi. Haitoshi matanga mapya. Wala haitoshi kuipandisha mashua nchi kavu na kuipaka rangi ya chini, jambo ambalo haliwezi kungoja mwaka mwingine.

Nayataja haya kwa sababu Ami ana miaka 68 na magoti yake hayapandi tena ngazi ya mashua bila kusimama katikati. Juzi, tukiosha sufuria kwa maji ya chumvi, alinieleza hesabu yake. Kusi ikianza tunarudi nayo Mombasa. Hapo ama niichukue mashua, na matengenezo yawe juu yangu, ama aiuze. Bei hataki kutoka kwangu. Jibu analitaka kabla hatujainua nanga ya kurudi.

Jana usiku nilifungua jedwali nikaanza kupanga: matanga, rangi, betri, kodi ya nyumba ya Nairobi ambayo bado nailipa, mteja mmoja. Nilifika mstari wa kumi na nne betri ikashuka nusu, nikafunga laptopu.

Mama ananipigia kila wiki kuuliza narudi lini ofisini. Swali la mashua bado halijui, na Ami amenikataza nisimtaje. Wale mnaokaa naye mtaa mmoja, tafadhali.