Moto wa Kuazima

Kiswahili kina maneno mengi ya kuishi kwa kidogo. Kujibana ni la mwili: mtu hujikunja ili nafasi finyu imtoshe. Kuungaunga ni la mshonaji, na kubangaiza lina vumbi la barabarani. Iktisadi, tulilolipokea kutoka Kiarabu, limesalia vitabuni, na hata humo limepitwa na uchumi. Nao uchumi umetokana na kuchuma, kana kwamba riziki ni tunda lililoiva na kinachotakiwa ni kunyoosha mkono tu. Majira ya baridi ya 2022 nilipata wasaa wa kuyapima maneno haya, kwa kuwa ghala nililokuwa nikifanyia kazi hapa Leicester lilitupunguzia saa za kazi hadi nusu.

Oktoba ya mwaka ule mfumuko wa bei nchini Uingereza ulifikia asilimia 11.1. Serikali ilikuwa imeingilia kati bei ya umeme na gesi, hata nyumba ya kawaida ikakadiriwa kulipa pauni 2,500 kwa mwaka. Oktoba iliyotangulia makadirio yalikuwa pauni 1,277. Kwetu kuna mita ya kulipia kabla, ndugu yake LUKU ya nyumbani. Mita ya namna hiyo humfundisha mtu hesabu asiyoiomba. Uniti moja ya umeme ilikuwa kama peni 34, na mwanangu wa miaka tisa alikuwa akipita mbele ya mita, akiisoma, kisha akizima taa ya ukumbini bila kuambiwa. Sikumsifu kwa hilo. Sikutaka alijue.

Nilichokuwa nacho ni jiko la mama yangu, Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni zilikuwa haba, na sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni, zikipatikana. Tulifulia majani ya mpapai. Tulikula ugali wa yanga, ule unga wa manjano uliotoka ng'ambo, ambao mpaka leo wazee wakiutaja hucheka kwanza ndipo wasimulie. Mama alikamua nazi mara tatu, na tui la mwisho lilikuwa maji yaliyosikia habari za nazi. Machicha yalikwenda kwa kuku. Wali ulipokaribia kukauka aliupalia makaa juu ya mfuniko, akapunguza moto wa chini, akaliacha joto limalizie kazi lenyewe.

Makaa sina, lakini kanuni ni ile ile: joto likishaingia chunguni, kazi ni kulizuia lisitoke. Basi huroweka maharage usiku kucha, nikamwaga maji yake, nikayachemsha kwa nguvu dakika ishirini, maana maharage mekundu yana sumu ambayo moto wa pole hauiondoi. Kisha hulifunika sufuria, nikalizungushia taulo na blanketi zito, nikalitia katika sanduku la kadibodi. Jioni nikilifungua maharage yamelainika. Huyachemsha tena, nikayaunga kwa kitunguu na tui. Jiko la umeme ambalo lingewaka saa moja na nusu limewaka nusu saa. Chini ya mlango wa nyuma nimesokota kanga kuukuu kuzuia upepo. (Jina lake limefifia, jambo ambalo mama angelihesabu kuwa hasara kubwa kuliko kanga yenyewe.)

Sipendi, hata hivyo, makala za magazeti ya huku zinazosifu ubanaji kama burudani ya mwisho wa juma. Aliyechagua kula dengu na asiye na kingine hawali chakula kimoja, ingawa sahani zafanana.

Wala sina hakika kwamba tulilielewa neno kujitegemea. Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, aliyekusudiwa kujitegemea alikuwa taifa na shule pamoja na kijiji chake. Huku ugenini ile "ji" imenywea hadi ikawa mtu mmoja na mita yake. Mama hakujitegemea hivyo. Kiberiti kilipokosekana, nilitumwa kwa jirani na kifuu cha nazi, nikarudi na kaa moja linalowaka. Hakuna aliyeona haya. Kesho yake mtoto wa jirani alikuja kwetu na kifuu chake.

Nilipompigia mama kumweleza kwamba pauni sitini za kila mwezi zitakuwa thelathini, alinyamaza kidogo.

"Na jirani zako wanajua?" akauliza.

"Hawajui, mama."

"Sasa watakusaidiaje, mwanangu?"

Ilinichukua wiki mbili. Nilianza kwa mama mmoja wa Bukavu tunayekutana shuleni tunapowachukua watoto, naye kumbe alikuwa akizima jiko mapema kuliko mimi. Yeye akamleta Mmombasa mmoja na mumewe. Sasa gunia la mchele la kilo ishirini tunalinunua pamoja na kuligawa kwa kikombe, na Jumamosi linawaka jiko moja kwa nyumba tatu. Mbukavu anasema wali si chakula, ni kifungua kinywa; ataka bugali. Mmombasa hataki kusikia habari za unga. Watoto hawashiriki mjadala huo, wanagombea ukoko.