Maisha ya Waimbaji: Vitabu Vitatu Vilivyovuka Maji hadi Funzi

Mwanafunzi wa fasihi akitakiwa kuzitaja kazi za Shaaban Robert, aghalabu huanza na Kusadikika, akaja Adili na Nduguze, akapitia Utubora Mkulima, na Wasifu wa Siti Binti Saad akautaja mwisho, kama mgeni aliyefika sahani zikiwa zimekwisha kuondolewa. Huo ni uonevu. Kila anayeuliza aanzie wapi kusoma maisha ya wanamuziki, na swali hili huulizwa sana na vijana wanaozijua nyimbo kwa moyo ilhali hawawajui walioziimba, hana budi kuelekezwa kwenye kitabu hicho kabla ya vingine vyote.

Si kwamba hakina kasoro. Shaaban Robert alikuwa hodari wa kusifu kuliko kuhoji. Hupenda kuyasimamisha masimulizi ili atoe mawaidha, na msomaji mwenye kiu ya tarehe na ushahidi huenda akakifunga kitabu akiwa na kiu ile ile. Lakini ni kitabu kilichowahi. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, akaitwa Mtumwa, akakulia katika kazi ya vyungu, kazi ya wanawake wa kijiji chake. Mnamo 1911 alihamia mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri. Alifariki 1950, na mwandishi alikutana naye katika siku za mwisho za uhai wake. Lau angechelewa kidogo tu, leo tungekuwa na santuri zinazokwaruza, na hekaya.

Nakala moja ya kitabu hicho, yenye jalada lililoshikizwa kwa gundi, ilivuka maji hadi Funzi katika mkoba wa kijana mzaliwa wa huko, mwanafunzi wa Kiswahili aliyekuwa akirejea nyumbani likizo. Asiyeijua Funzi na aelewe kwamba ni kisiwa kidogo cha Kwale, kusini ya Msambweni, karibu na mahali ambapo Mto Ramisi hujimwaga baharini. Mikoko imekizunguka, wenyeji wake ni wavuvi, na atokaye bara hupanda mashua Bodo. Lugha yao ni Chifundi, mojawapo ya lahaja ambazo wanafunzi huzikariri katika orodha ya mtihani bila ya kuzisikia. Ni sadfa ya kufurahisha kwamba mwaka 1958 ile Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilichapisha kitabu cha H. E. Lambert kuhusu Chifundi, na mwaka huo huo Wasifu wa Siti ukatoka katika nyongeza ya jarida lake. Matamshi ya Funzi na maisha ya mwimbaji wa Unguja yalipita mezani pa watu wale wale. Waimbaji wa Funzi hawakupita.

Mmoja wao ni bibi yake kijana huyo. Kwa miaka mingi hapakuwa na harusi kisiwani isiyomhitaji. Alitunga mwenyewe, akaongoza mwenyewe, na hata sasa ambapo mtoto wa jicho umemfunga jicho moja na magoti hayamtii, wasichana humjia kuuliza beti zilizowapotea. Hakupata kusoma. Kitabu alisomewa na mjukuu wake baada ya sala ya isha, barazani, sura kwa sura.

Wahakiki wengi wangefaidika kwa kuketi pale. Palipoelezwa jinsi mahasimu wa Siti walivyomkejeli kwa sura yake, naye akawajibu kwa wimbo, bibi alicheka hadi akakohoa, akasema ndivyo, mwimbaji hujibu papo hapo, akilala nalo limekwisha. Paliposomwa safari ya Bombay aliuliza, "Na mtoto alimwacha kwa nani?" Kijana aliendelea kusoma. Bibi akarudia swali lake. Mwishowe alitoa hukumu ambayo haijapatikana katika tahakiki nyingi za chuo: "Mume wangu, chitabu hichi kimeandikwa na mtu aliyempenda. Lakini mtu aliyekupenda hakuulizi yote."

Kitabu cha pili hakikupata mapokezi hayo. Ni masimulizi ya Jumaa Mkabarah kuhusu Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba ya Morogoro, aliyezaliwa 1928 na kufa katika ajali ya gari mwaka 1965. Ni kitabu chembamba, tena adimu, na anayekiona dukani kwa muuza vitabu vikuukuu asiulize bei mara mbili. Thamani yake ni kwamba kimemchukua mwanamuziki wa dansi, mtu wa magitaa na tarumbeta ambaye wasomi wa wakati huo wangeweza kumwona wa kupita, kikamstahi kama mshairi. Inasimuliwa kwamba Salum katika ujana wake alitoroka nyumbani akafika Mombasa kutafuta meli ya kumpeleka Cuba, nchi ya santuri alizozipenda, akaikosa na kurudi Morogoro. Kijana anayesoma habari hiyo ataelewa kuhusu muziki wa dansi jambo ambalo sura nzima za nadharia hazimwelezi. Bibi, kwa upande wake, alisema tu kwamba nyimbo za redio ni za wanaume, akaomba kingine.

Cha tatu kilikuwa kwa Kiingereza, nacho ni Makeba: My Story, ambacho Miriam Makeba alikitoa mwaka 1987 akisaidiwa na James Hall. Ilibidi kijana akitafsiri kwa mdomo, sentensi kwa sentensi, kazi iliyomtoa jasho kuliko tafsiri zote za darasani. Makeba aliwekwa gerezani akiwa na umri wa siku kumi na nane, mgongoni mwa mama yake aliyefungwa miezi sita kwa kupika pombe. Bibi aliposikia pombe alisema "Astaghfirullahi." Aliposikia siku kumi na nane alinyamaza. Kisha akataka asomewe tena.

Kutoka hapo kitabu kilimshika. Mwaka 1960 Makeba alifiwa na mama yake akiwa Marekani, akataka kurudi kumzika, akakuta pasipoti yake imefutwa. Mwaka 1985 alimzika bintiye wa pekee, Bongi, katika nchi ya Guinea, ugenini. Mambo ya ndoa zake anayasema, ya ugonjwa wake anayasema, na ya magomvi yake na binti huyo pia. Tena anayasema akiwa bado uhamishoni, kwani hakurejea Afrika Kusini hadi 1990. Msomaji wa leo anayejua kwamba alikuja kufa mwaka 2008, mara tu baada ya kuimba katika tamasha nchini Italia, atayasoma maneno yake kwa masikio mengine. Msomaji makini atauliza pia maneno hayo ni ya nani hasa, ya Makeba au ya Hall, kwani tawasifu nyingi za wanamuziki zimepitia mkono wa pili. Lady Sings the Blues ya Billie Holiday, ya mwaka 1956, iliandikwa na William Dufty, na wachunguzi wamekuta ndani yake mambo yasiyooana na kumbukumbu rasmi. Bibi alilimaliza suala hilo kwa njia yake. Alipoambiwa kwamba Makeba alisema na mwanamume akaandika, aliuliza, "Alisomewa baadaye?" Mwandishi yeyote wa wasifu na ajiulize hivyo.

Hapo ndipo penye jambo zito. Kijana alikuwa amekwisha kununua daftari. Nia yake haikuwa siri: alitaka kumwandika bibi yake, beti na maisha pamoja, kabla jicho la pili halijafunga. Tarehe zilikuwa shida, lakini shida ya kawaida. Bibi huhesabu kwa matukio, naye kijana akajifunza kuyageuza kuwa miaka: kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa, ndiyo 1988, na mvua za El Nino zilipoanza, ndiyo 1997. Shida ya kweli ilikuwa wimbo mmoja.

Wimbo huo huimbwa Funzi hadi sasa. Wasichana huuimba harusini kwa furaha, wakidhani ni wimbo wa bahari, kwa kuwa umejaa maneno ya mashua na nanga. Bibi aliutunga akiwa bado msichana, kumchoma mwanamke mwenziwe, na siku ile ulipoimbwa kila mtu kisiwani alijua nanga ni nani. Mwezi haukwisha mwanamke yule akaachwa, akahamia Shimoni, hakurudi. Jamaa zake wamo kisiwani, nyumba ya tatu kutoka kwa bibi, na vitukuu vya nyumba hizo mbili sasa wameoana. Mjukuu alifunzwa darasani kwamba wimbo bila muktadha ni ganda. Bibi alifunzwa na kisiwa kwamba muktadha mwingine hubomoa nyumba.

Ni rahisi kwa aliye mbali kutoa fatwa. Atasema ukweli uandikwe, maadamu elimu haina haya. Wapo waandishi walioufuata mwendo huo, na baadhi ya vitabu vyao vinastahili kusomwa. Still Grazing ya Hugh Masekela, aliyoitoa 2004 pamoja na D. Michael Cheers, haifichi ulevi wala wanawake, na aliyeumizwa zaidi na ukweli huo ni Masekela mwenyewe. No Woman No Cry ya Rita Marley, ya mwaka 2004, inasimulia ndoa ambayo dunia ilidhani inaijua kwa kuwa ilizijua nyimbo za mume. Vitabu hivi viwili na visomwe, ingawa cha Masekela kingeweza kupunguzwa robo bila hasara. Lakini Masekela na Rita walisema habari zao wenyewe. Mjukuu wa Funzi angesema habari ya mwanamke aliyeko Shimoni, ambaye hakuulizwa.

Kwa upande mwingine, kunyamaza nako kuna gharama, na gharama hiyo imelipwa pwani hii hii. Malaika ni wimbo ambao Makeba aliufikisha duniani kote, lakini hadi leo watu hubishana ni nani aliyeutunga: Fadhili William, ambaye alifariki mwaka 2001, Adam Salim, au mwingine. Lau mtu angeketi na wahusika wote mapema, kwa daftari na subira, ubishi huo ungekuwa na mwisho wake. Bi Kidude naye alifariki Unguja mwezi wa Aprili 2013 bila ya umri wake kujulikana kwa yakini. Angalau filamu ya As Old As My Tongue, iliyotengenezwa na Andy Jones na kutoka mwaka 2006, ilimpata akiwa hai, akivuta sigara na kucheka. Anayependa wasifu na aitazame, japo si kitabu.

Kijana alitaka kutumia njia ya katikati. Alipendekeza jina la yule mwanamke lifichwe na kisiwa kisitajwe. Bibi alimwambia kwamba Funzi hakuna jina linalofichika, na kwamba anayeficha jina akaacha nanga hajaficha kitu. Kisha, baada ya siku mbili za kutolizungumzia, akasema neno ambalo halimo katika mwongozo wowote wa utafiti: mwenye kuulizwa si yeye, ni mwenziwe. Yule bibi wa Shimoni yu hai. Hawajaonana tangu siku ile.

Ujumbe ulipelekwa kwa mchuuzi wa samaki. Jibu lilirudi baada ya wiki, la maneno mawili: "Aje mwenyewe." Halikusema kwa heri au kwa shari. Bibi amekubali kwenda, na ametaka kitabu cha Makeba kichukuliwe, kurasa za gerezani ziwekewe alama, asomewe mwenziwe. Pikipiki hapandi. Kwa mashua, hakuna nahodha wa Funzi atakayemchukua mtu wa umri wake hadi Shimoni kabla ya kusi kulegea. Daftari limo kabatini, limeandikwa hadi ukurasa wa arobaini na mbili, na baada ya hapo zimeachwa kurasa sita tupu.