Mahari, hina na vifaranga 60



Wateja wanatujia kwa ajili ya nguo, lakini siku hizi biharusi akishapimwa kifua na mikono habanduki mkekani, anataka kuulizia habari za kuku. Sisi ni mawifi wawili, mbele tunashona na uani tunafuga, hapa hapa Unguja. Maswali ni yale yale kila mara, basi leo tunayaandika, na tutayaeleza kupitia biharusi wetu mmoja wa masika yaliyopita. Ruhusa ametupa, jina tunalihifadhi.

Mahari yake alipewa taslimu. Mama yake alitaka yote iende kwa sonara. Yeye akataka nusu iwe vifaranga chotara, ili miezi mitano au sita baadaye, kwa majaaliwa, awe na mayai ya kuuza huko kwa mumewe.

"Dhahabu haipati kideri," mama akamwambia mbele yetu.

Na kweli haipati, hatukumbishia mama wa watu. Mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe, Suratun-Nisaa aya ya 4 imelisema hilo, na si baba wala mume anayeila ila kwa ridhaa yake. Lakini tulijua pia kwamba vifaranga vikifa, maneno yataingia nae ndani ya ndoa, na kila akitaka kufanya jambo atakumbushwa kuku. Kwa hivyo hatukumwambia nenda kanunue. Tulimwambia leta kalenda.

Tukahesabu kinyume kutoka siku ya nikah. Biharusi akishapakwa hina na piko hagusi maranda, na fungate ni siku saba hatoki. Chanjo za mwanzo nazo zina siku zake: kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Tukaona vifaranga viingie siku 26 kabla ya nikah, amalize chanjo zote tatu kwa mkono wake, ndipo akabidhiwe kwa somo wake kusingwa. Singo na harufu ya banda havikai mwili mmoja.

Sasa maandalizi. Watu hununua vifaranga halafu ndio wanatafuta pa kuviweka, na hapo ndipo mali inapopotelea. Sehemu iwe tayari tangu jana yake. Tulikunjua maboksi makubwa tukayaunga yakawa duara, maana kifaranga akisikia baridi hukimbilia pembeni, wenziwe wakampanda, na wa chini hukosa pumzi. Duara haina pembe. Chini tukamwaga maranda makavu, kina cha vidole vinne. Msitandike gazeti tupu, linateleza na miguu ya kifaranga hupanuka ikabaki hivyo. Na nyie mafundi wenzetu, msitandike vipande vya vitambaa. Uzi ukimzonga mguu unakata kama wembe.

Joto la wiki ya kwanza ni kama nyuzi 33, kisha unapunguza mbili tatu kila wiki mpaka manyoya yatoke. Kipimo ukiwa nacho ni kheri, usipokuwa nacho watazame wenyewe. Wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi. Wakiikimbia taa na midomo wazi, wamezidiwa na joto, na kwetu mchana huwa hivyo mara nyingi, kwa hivyo taa izimwe. Wakijibana upande mmoja wote, kuna upepo unapenya, utafute tundu. Wakitawanyika, wengine wanakula na wengine wamelala, nenda kashone.

Vilipofika tulivipa maji kwanza. Yawe vuguvugu, na glukosi kidogo, kwenye kisahani chenye kokoto ili wasizame. Kila mmoja tulimchovya mdomo mara moja, wenyewe hufundishana. Chakula kilifuata baada ya saa mbili hivi, kwenye trei za mayai zilizokatwa. Msishtuke mkisikia kifaranga amesafiri bila kula, kiini cha yai huwa bado kimo tumboni mwake na humtosha siku mbili tatu. Usiku tulipapasa gole, kile kifuko cha shingoni. Likiwa limejaa na ni laini, amekula na amekunywa. Likiwa gumu, amekula lakini maji hajayaona. Wawili walikuwa matupu, wamelegea, na kesho yake walikufa. Biharusi alilia. Mama yake hakusema kitu, akamimina chai.

Usiku wa nne mvua ikanyesha na umeme ukakatika. Unguja hatuhitaji kuambiwa umeme ni nini, kile kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kila mtu anacho kichwani, ndio maana taa yetu haikosi seredani pembeni yake. Mkaa tuliuwasha uani mpaka ukawa mwekundu wote, bila moshi, ndipo tukauingiza, juu ya matofali, umezungushiwa waya. Dirisha tuliliacha wazi kwa juu. Wapenzi, hili tunaomba mlishike sana: mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua kuku na unamuua na mwenye kuku, tena bila harufu. Hatukulala humo. Tulipeana zamu kutoka barazani, sisi wawili, biharusi, na saa nane za usiku akatokea mama yake na mwavuli na khanga kichwani. Alisema amekuja kumtazama mwanawe. Akakaa mpaka alfajiri akigeuza mkaa. Siku ile hakufa hata mmoja.

Masika yana adui mwengine, nae ni maranda mabichi. Maji yakimwagika, pale pale chota ile sehemu utie makavu, kwa sababu ugonjwa wa kuharisha damu hupenda unyevu. Akiganda kinyesi nyuma, mfute kwa pamba na maji ya moto kiasi, usivute.

Chanjo tuliichukua kwa barafu ndani ya chupa ya chai. Ile ya jicho ni tone moja, na unasubiri apepese ndio unamwachia. Chupa moja hutosha kuku wengi na ikishafunguliwa haiwekwi kesho, basi tuliwaita majirani wenye vifaranga siku hiyo hiyo wakachangia bei. Hakuna haja ya kununua peke yako kwa kujionesha.

Wa tatu kumpoteza alichukuliwa na kunguru, siku ya 23, walipotolewa kuota jua. Hawa kunguru wa Kihindi waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 eti wasafishe mji. Tangu siku ile tuliweka wavu mkuukuu wa wavuvi juu ya uwa.

Biharusi akaingia ndani, akasingwa, akapakwa hina, akaolewa. Mashaallah alipendeza, na gauni tulilishona sisi kwa hivyo msitutake tuseme zaidi. Siku zile saba kuku tulilisha sisi. Mama yake alikuja kila asubuhi kabla ya soko, anasema anapita tu. Biharusi alikuwa akituma ujumbe kwa simu: wangapi? Tunamjibu, 57. Jioni tena: wangapi?

Siku ya nane alikuja na mumewe kwenye gari ya kubebea, na matenga matatu. Hina bado imekolea. Alitoa salamu mlangoni, akapitiliza moja kwa moja uani, akainua wavu, akahesabu mara mbili.

"57," akasema.

Mumewe akauliza tenga lipi litangulie.