Mtwara Hadi Bukoba ni Mwendo wa Saa Ngapi?

Ndugu msomaji, chukua ramani ya Tanzania, uweke rula kutoka uwanja wa ndege wa Mtwara, kusini kabisa mwa pwani yetu, hadi ule wa Bukoba ulio kando ya Ziwa Victoria. Utapata kiasi cha kilomita 1,360. Ukizigawa kwa mwendo wa jeti, tuseme kilomita 800 kwa saa, jibu ni saa moja na dakika arobaini hivi. Hesabu hiyo haina kosa. Lakini nusura itie ufa katika ukoo wetu.

Mama mkubwa alifariki Bukoba, alikoolewa miaka mingi iliyopita. Mama yangu, mdogo wake pekee aliyesalia, alikuwa Mtwara. Kijana mmoja wa kule alipiga hesabu kwenye simu yake, akawaarifu wazee kwamba safari ya ndege haifiki saa mbili. Basi mazishi yakapangwa kesho yake, saa kumi alasiri. Ilinibidi nimpigie mzee wa msiba, nimwombe kwa heshima zote asubiri.

Nilimweleza kwamba tiketi zetu zilipitia Dar es Salaam na Mwanza. Utashangaa, msomaji, kwamba mzunguko huo hauongezi umbali mkubwa: Mtwara hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 400 angani, kutoka hapo hadi Mwanza 850, na kuvuka hadi Bukoba 170 na kidogo. Jumla ni 1,420 hivi, yaani zimezidi 60 tu. Kwa barabara ni karibu 2,000! Kinachokula siku si umbali. Ndege za panga boi huenda kilomita 500 hivi kwa saa, na muda uandikwao kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege iondoke maegeshoni hadi isimame tena, si tangu iache ardhi. Juu ya hayo kuna kungoja.

Tuliondoka Mtwara saa tatu asubuhi, tukafika Dar es Salaam saa nne. Tukakaa hadi saa nane. Mwanza tulifika saa tisa na nusu, na jioni ile hapakuwa na ndege ya kutuvusha, tukalala. Angani, safari nzima ilikuwa saa tatu na robo. Kwa saa ya ukutani ilipita siku nzima.

Asubuhi, wingu zito lilikuwa limetanda juu ya Bukoba, na rubani akazunguka juu ya ziwa. Hakuna abiria aliyenung'unika. Kila mmoja alikumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani katika hali mbaya ya hewa ikikaribia uwanja huo huo. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Dakika za namna ile, kwa maoni yangu, hazistahili kuitwa ucheleweshaji.

Wazee walikuwa wametungoja, ingawa baadhi yao walinuna waziwazi. Saa sita mchana mama alitupa udongo wake wa kwanza kaburini. Kisha akamwita yule kijana, akamketisha karibu naye, akaanza kumuuliza habari za siku za mwisho za dada yake.