Mpishi wa Marka

Katika mhadhara wangu wa kwanza wa epidemiolojia ya magonjwa ya kuambukiza, mkufunzi aliifunga mada ya ndui kwa picha moja: kijana wa Kisomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Marka, mtu wa mwisho duniani kuipata ndui kwa maambukizo ya asili, Oktoba 1977. Picha ikaondolewa ukutani, tukaingia katika milinganyo.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Hodge Hill, mashariki ya Birmingham, ambako kodi ilistahimilika kwa mtu anayeishi kwa posho ya ufadhili. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa makamo kutoka Barawa. Chimiini chake na Kiswahili changu cha Tanga vilikutana katikati ya njia, kila kimoja kikimsamehe mwenzake. Jioni niliyomtajia Marka, alicheka. "Marka? Hapo ni jirani na kwetu, mwanangu." Akakunja mkono wa dera akanionyesha kovu la chanjo ya ndui, la mviringo, sawa kabisa na la mama yangu mzazi. Mimi sina. Nilizaliwa dunia ikijiandaa kutangaza kwamba ndui imekwisha, tangazo lililotolewa mwaka 1980. Kovu langu ni la chanjo ya kifua kikuu.

Hakunionyesha kovu lile kwa ajili ya historia. Binti yake alikuwa amekataa mwanawe asichanjwe surua. Mtoto alikuwa na miaka miwili na maneno yalikuwa yanachelewa kutoka, na katika vikao vya wanawake ilikwisha semwa kwamba sindano ile ndiyo inayofunga ndimi za watoto. Nilijua uvumi ule ulikotoka: makala ya Andrew Wakefield katika jarida la Lancet, 1998, ambayo jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010. Nikamweleza yote hayo. Nikaongeza kwamba mgonjwa mmoja wa surua, akiwa miongoni mwa watu wasio na kinga, huweza kuambukiza watu kumi na wawili hadi kumi na wanane, na kwamba ili mlipuko usipate pa kupita sharti watoto tisini na watano katika kila mia wawe wamechanjwa. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza hotuba ya ndoa isiyomhusu. Kisha akauliza: "Na huyo mpishi wako, Mama, mbona hakuchanjwa, na kazi yake ilikuwa hospitalini?"

Sikuwa na jibu. Picha ya darasani haikusema.

Nilikwenda kusoma. Maalin hakukosa chanjo kwa sababu ya umbali, ujinga wala imani. Aliishi katikati ya kampeni yenyewe, hata akaifanyia kazi kwa muda. Aliogopa tu maumivu ya kuchanjwa. Siku moja lilikuja gari lenye watoto wawili wagonjwa, dereva hakuijua njia, naye akapanda kumwelekeza. Zilikuwa dakika chache. Alipopata homa alitibiwa malaria. Vipele vilipotoka ikadhaniwa ni tetekuwanga. Alipona, na hakuna aliyeambukizwa naye.

Katika kusoma huko ndiko nilikokutana na jambo ambalo lilipaswa kuwa katika mhadhara ule ule. Maalin alikuwa wa mwisho kuugua kwa njia ya asili, lakini hakuwa wa mwisho kuugua. Mnamo Agosti 1978 ndui ilimpata Janet Parker, mpigapicha wa kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Birmingham, ambaye chumba chake cha kazi kilikuwa juu ya maabara iliyohifadhi virusi hivyo. Ilithibitika kuwa ni ndui akiwa katika Hospitali ya East Birmingham, ambayo sasa huitwa Heartlands, mahali ninapoweza kufika kwa miguu kutoka Hodge Hill. Baba yake alifariki akiwa karantini. Profesa Henry Bedson, mkuu wa maabara ile, alijiua. Bi Parker mwenyewe alifariki tarehe 11 Septemba, naye ndiye mtu wa mwisho kufa kwa ndui duniani. Uchunguzi rasmi ulidhani kwamba virusi vilipanda kwa njia ya mfereji wa hewa. Mahakamani hoja hiyo haikusimama, na chuo hakikutiwa hatiani.

Sina ugomvi na mkufunzi wangu. Saa moja haitoshi. Lakini nilijiuliza kwa nini hadithi iliyochaguliwa kuufunga ugonjwa ilikuwa ile ya Marka, ilhali nyingine ilikuwa karibu kiasi cha kufikika kwa basi la mjini. Na kwa nini mpishi yule aliletwa kwetu kama nukta ya mwisho ya grafu, si kama kijana aliyeogopa sindano, jambo ambalo hata baadhi yetu darasani tuliliogopa.

Julai 2013 Maalin alifariki kwa malaria. Polio ilikuwa imerudi Somalia, naye alikuwa kazini katika kampeni ya chanjo yake. Kwa miaka mingi alikuwa akiwasimulia wazazi kisa chake mwenyewe ili wasirudie kosa lake. Nilimpelekea jirani yangu habari hizo. Binti yake alikuwa jikoni akiosha vyombo. Maji yakafungwa, nikajua anasikiliza. Alitoka akauliza jambo moja tu: kama sindano aliyoiogopa ilikuwa inauma kweli. Nikamwambia amuulize mama yake, mwenye kovu.

Mwaka uliofuata walihamia Leicester, nami sikupata kujua kama mtoto alichanjwa.

Sasa picha ile ninaionyesha mimi, pamoja na ya Bi Parker. Kabla ya milinganyo huwauliza wanafunzi swali la mama wa Barawa. Wengi huanza kulitafuta jibu katika jedwali.