Njoo Upumzike Tononoka

Tononoka, Mombasa

Mwanangu mpenzi,



Mamako ameniambia unataka kukopa chamani uende Dubai kwenye likizo yako. Safari siikatai. Ninalolikataa ni deni: wiki moja ya raha, kisha mwaka mzima wa kulipa. Zile siku 21 za likizo si hisani ya tajiri wako; ni haki uliyopewa na sheria ya ajira ya mwaka 2007, na mshahara wako palepale. Kwa nini haki yako ikutie madeni?

Njoo kwangu. Usikae kwenu Changamwe, maana likizo ya nyumbani huharibikia jikoni. Msichana akionekana hana kazi, huyu humtuma sokoni, yule humwachia mtoto, na nguo za nyumba nzima zinamngoja. Hurudi kazini amechoka kuliko alivyotoka. Nimeshamwambia mamako kwamba siku hizo wewe ni mgeni wangu, na mgeni hatumwi. Simu za kazini usishike.

Asubuhi, jua halijawa kali, tutakwenda Ngomeni, Fort Jesus, kwa miguu. Unaipita kila mara ukiwa ndani ya tuktuk, lakini tangu ulipopelekwa na shule hujaingia tena. Wareno walianza kuijenga 1593. Waomani waliizingira kuanzia 1696 mpaka Desemba 1698, na humo ndani maradhi yaliua watu kupita risasi. Katika makumbusho kuna vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi miaka ya 1970 kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa, ikazama hapo chini mwaka 1697. Nataka uvitazame, kisha upande ukutani uangalie maji yaliyoimeza. Kaa hata saa nzima ukitaka. Ulipokuja na shule mwalimu alikuwa akiwahimiza. Safari hii hakuna wa kukuharakisha, na hilo ndilo pumziko lenyewe.

Tukitoka hapo tutashika Ndia Kuu polepole, tutazame milango na roshani, tufike msikiti wa Mandhry uliojengwa karne ya 16. Siku nyingine twende Haller Park kule Bamburi. Lilikuwa shimo tupu la machimbo ya kiwanda cha saruji, hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje 1971. Leo ni msitu wenye twiga na makobe. Ukipenda magofu, Jumba la Mtwana liko huko mbele, Mtwapa. Jioni ni Mama Ngina, pale ufukoni: mihogo ya kukaanga, madafu, na meli zikiingia Kilindini.

Watu wa bara hujaza treni ya Madaraka tangu 2017 kuja kuyaona haya, nasi wenyeji twayapa mgongo. Inaniuma, mwanangu. Mtu kuujua mji wake kwa njia ya kazini na sokoni tu ni hasara kubwa.

Gharama ni nauli, viingilio na vya kutafuna njiani. Chakula na malazi ni juu yangu. Dubai utakwenda siku utakapokuwa na pesa zako mkononi.

Nijibu upesi, na tafadhali usitie sahihi mkopo huo kabla hatujaonana.

Wako akupendaye,
Shangazi